Deni la Kupona

Mjomba alirudi Kuruwitu akiwa mzima, au ndivyo tulivyosema. Siku 19 za ICU, mashine ikimpumulia, halafu gari likaingia uani na kina mama wakapiga vigelegele. Akashuka, akaomba maji, akaenda kulala. Wiki nzima alilala, au alijifanya amelala.

Kila mgeni alikuja na neno lile lile: "Ushukuru Mungu. Wengine hawakutoka." Naye hujibu, "Alhamdulillahi," macho ukutani. Usiku mmoja akaniambia, "Nashukuru, mwanangu. Lakini nikifumba macho, wale watu wanarudi kunifunga mikono." Nikamwambia ni ndoto tu za dawa.

Nilikuwa nimesoma kidogo, ndiyo maana nikajibu haraka. Mgonjwa akiwekewa dawa za usingizi kwenye chumba kisichojua usiku wala mchana, anaweza kuona mambo yasiyokuwepo, na yakabaki kichwani kama kweli. Jinamizi, hofu, huzuni, kusahausahau, mwili usio na nguvu: mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walichapisha jina moja la hali hiyo yote, wakasema hata familia huguswa. Kwetu jina lake ni "siku hizi amebadilika".

Sasa, aliyenusurika anadaiwa furaha? Maana sisi tulilipa, bana. Grupu la WhatsApp, michango ya M-Pesa, mbuzi wawili wakauzwa. Aliyetuma mia mbili alitaka kumwona akicheka, na sioni ubaya wake. Ila tulichangia bili, hatukununua uso wa mtu. Shukrani na hofu hukaa kifua kimoja. Ukiidai ya kwanza kwa kelele, ya pili inajificha, na mwenye kifua anabaki nayo peke yake.

Mjomba ni mvuvi. Mwaka 2005 alikuwepo watu wa hapa walipofunga kipande cha bahari ili matumbawe na samaki wapate nafuu. Tengefu, ndivyo tunavyopaita. Wapo walionung'unika kwa njaa, lakini hakuna aliyesimama ufuoni akilidai tumbawe lishukuru. (Najua, mtu si tumbawe. Mwenyewe angenicheka.)

Kule Skandinavia wauguzi na jamaa humwandikia mgonjwa shajara, ili akipona asome siku alizozipoteza. Sisi tulikuwa na lile grupu tu. Juzi nikamsomea, siku baada ya siku: leo kafungua macho, leo homa imeshuka. Katikati, majina na pesa. Nilipotaka kuziruka za pesa akasema, "Soma zote."

Siku ya tisa kulikuwa na ujumbe wa mamangu, ambao nilikuwa nimeusahau kabisa: "Wamemfunga mikono kidogo, anavuta mipira."

Nikanyamaza. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Kwa hivyo ilikuwa kweli," akasema, na kwa mara ya kwanza akaniuliza kama bado kuna chai.