Mwalimu Kwenye Mizani

Kwa miaka 19 watu wa Kiongoroni wameniita Mwalimu, na hadi leo wananiita hivyo, ingawa tangu Januari sifundishi. Nilikabidhi madaftari ya mahudhurio na ufunguo wa kabati la vitabu, nikawa meneja wa kampuni inayonunua kaa na kamba hapa deltani. Jina lenyewe sina shida nalo. Shida yangu ni kazi ambayo jina hilo linanifanyia ninaposimama kando ya mizani.

Kwa msomaji asiyepajua: Kiongoroni ni kata ya Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, ndani ya delta ya Mto Rufiji. Ukitoka Dar es Salaam unashika barabara ya kusini, unakunja Bungu kuelekea Nyamisati, na hapo unaachana na magari. Kinachofuata ni boti, na boti inasikiliza maji. Yakijaa unakwenda, yakipwa unakaa kwenye tope unasubiri. Mikoko kushoto, mikoko kulia. Watu wanalima mpunga, wanavua kamba, wanawachokoa kaa kwenye mashimo yao. Walimu wengi wanaopangiwa huku huanza kuulizia uhamisho kabla mizigo yao haijakauka. Mimi nilibaki. Nilioa hapa, na wanangu wamezaliwa hapa.

Mwenye kampuni aliponifuata hakuzungukazunguka. Aliniambia: "Mwalimu, watu hawa mimi hawaniamini. Wewe wanakuamini."

Alikuwa anasema kweli, na wana sababu. Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi mkubwa wa kibiashara wa kufuga kamba katika delta hii. Wanavijiji na watetezi wa mazingira waliupinga, suala likafika hadi mahakamani, na mwishowe mradi haukufanyika. Wazee waliokuwepo hawajasahau. Mgeni akishuka kwenye boti na begi la karatasi, kwanza wanamkaribisha chai, halafu wanamtazama mikono.

Kwa hiyo alichokuwa akikitafuta tajiri huyu si hesabu zangu wala Kiingereza changu. Alitaka imani ya watu, akaja kuinunua kwangu. Na hapo ndipo swali lilipoanza kunikosesha usingizi: je, imani niliyopewa nikiwa mwalimu ninaruhusiwa kuibeba na kwenda nayo kwenye biashara?

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja ili tusidanganyane. Nilipowaaga walimu wenzangu niliwaambia naenda "kuwatumikia wananchi kwa njia nyingine". Sentensi hiyo naifuta leo. Nilikwenda kwa sababu ya mshahara, kwa sababu nina watoto wawili sekondari, na kwa sababu nilikuwa nimechoka. Kuchoka si dhambi, kutaka pesa si dhambi. Ila darasa la nne lilibaki bila mwalimu wa hisabati, na waliobaki wakagawana vipindi vyangu. Hilo nalo liandikwe.

Rudi kwenye swali. Katika kitabu cha kwanza cha *Jamhuri* ya Plato, Socrates anabishana na Thrasymachus kuhusu haki. Thrasymachus anaona kila anayetawala anatafuta faida yake tu. Socrates anamjibu kwa mfano wa tabibu: kwa kadiri alivyo tabibu, hatafuti faida yake bali ya mgonjwa. Ujira anaopata unatokana na ufundi mwingine, ufundi wa kupata ujira, na huo usichanganywe na utabibu. Zamani niliisoma hoja hii nikaona ni mchezo wa maneno. Sasa naiona tofauti. Nilipomfundisha mtoto kugawanya, mgawanyo wangu haukupungua. Alichokipata yeye mimi sikukikosa. Mshahara ulitoka Halmashauri, haukutoka kwenye mfuko wa baba yake pale ubaoni. Ndiyo maana waliniamini: hapakuwa na cha kuwaibia.

Kwenye mizani hali ni nyingine kabisa. Shilingi ikibaki kwa kampuni, imetoka kwa mvuvi. Ikienda kwa mvuvi, imetoka kwa kampuni. Mtu ni yuleyule, uso ni uleule, lakini sasa ninaposema "niamini" nina sababu ya kulisema neno hilo ambayo sikuwa nayo zamani.

Namfikiria Reginald Mengi. Alikuwa mhasibu, akaongoza kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Coopers & Lybrand hapa Tanzania, kisha mwaka 1989 akaondoka na kuelekeza nguvu zake kwenye kampuni zake za IPP. Tumezoea kuisimulia hatua ile kama habari ya ujasiri, na ujasiri ulikuwepo. Mimi inanivutia kwa jambo jingine. Mkaguzi wa hesabu anaaminiwa kwa sababu haruhusiwi kuwa na maslahi katika vitabu anavyokagua. Siku anapokuwa mwenye mali, ujuzi wa hesabu anaondoka nao, ila ile nafasi ya mtu asiye na maslahi inabaki mlangoni. Hapo si mbaya kuliko alivyokuwa jana, ila sasa naye anahitaji mkaguzi.

Wapo wanaosema jina zuri ni jasho la mtu, ana haki ya kulitumia atakako. Watanitajia Nyerere, aliyeacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aongoze TANU, na jina la Mwalimu likamfuata hadi kaburini. Ni kweli. Lakini Nyerere hakuwa ananunua kaa kwa wazazi wa wanafunzi wake.

Sasa niwaeleze kilichotokea wiki ya pili.

Kijana mmoja alikuja na kaa wake kwenye tenga, wamefungwa magando vizuri. Nilimfundisha darasa la nne, alikuwa anakaa dirishani na kutazama mitumbwi kuliko ubao.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Leta tupime."

Mizani ikasoma 7.8. Karani wangu akaandika 7.5. Ndio utaratibu niliokuta: uzito unashushwa hadi nusu kilo iliyo karibu chini yake. Sababu niliyopewa ni kwamba kaa hupoteza maji njiani, na uzito unaofika Dar es Salaam si ule uliopimwa hapa. Sababu hiyo si ya uongo.

Kijana alitazama daftari, akanitazama mimi.

"Mwalimu, si ulitufundisha kukadiria? Tano kwenda mbele tunapandisha. Saba nukta nane ni nane."

Watu kwenye foleni wakacheka. Mimi nilitabasamu, lakini masikio yalikuwa yanawaka moto. Nikamwambia, "Hapa hatukadirii, ni utaratibu wa ofisi." Akasema, "Haya, Mwalimu," akachukua pesa yake akaondoka. Hakubisha. Angekuwa mnunuzi mwingine angebisha, na mnajua wachokoa kaa wanavyobisha. Kwangu alinyamaza kwa sababu ya heshima.

Usiku ule nilikaa na taa nikapiga hesabu. Masalia yanayokatwa yanaweza kuwa 0, 0.1, 0.2, 0.3 au 0.4. Wastani ni 0.2. Siku nzuri tunapokea wauzaji 40. Hizo ni kilo 8 kwa siku, kaa wazima kabisa, wasio na mwenyewe kwenye daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hawakusema kuhusu mali inayoisha ndani ya daftari lenyewe, kwa mwandiko mzuri.

Nikakumbuka *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Nyerere ya mchezo wa Shakespeare iliyotoka mwaka 1969. Kwa miaka yote niliisoma kama habari ya ukatili wa mkopeshaji. Usiku ule nikaona mizani tu. Shylock anakuja nayo mahakamani tayari, na sehemu ya kinachookoa maisha ya mdaiwa ni kudai uzani uwe sawasawa, usizidi wala usipungue hata kwa uzito wa unywele. Huruma iliombwa kwanza, ikakataliwa. Mizani haikukataa.

Nilimpigia simu mwenye kampuni, nikamwambia nataka tuandike kile mizani inachosoma. Akaniuliza hasara ya njiani nani ataibeba. Swali la haki. Tulivutana siku tatu. Mwisho tukakubaliana: uzito uandikwe kama ulivyo, mizani igeuzwe imtazame muuzaji, na hasara ya njiani iingizwe kwenye bei ya kilo, hadharani, kabla mtu hajapakua tenga. Maana yake bei ya kilo ilishuka kidogo.

Msidhani nilishangiliwa. Mama mmoja aliniambia mbele ya watu, "Mwalimu, zamani bei yako ilikuwa nzuri." Nilimweleza habari ya masalia, akasikiliza, akasema, "Mimi naona bei tu." Wengine wamehamia kwa wachuuzi wa boti wanaotaja bei kubwa na kupima kwa mizani yao ya kuning'iniza. Siwezi kuwalaumu. Nilichokifanya ni kuleta mbele ya macho yao kitu kilichokuwa kinafanyika nyuma ya jina langu. Kuiona hasara hakuiondoi hasara, ila sasa wanaweza kuipigia hesabu na kunibishia.

Nadhani hapo ndipo jibu langu lilipo, kama ni jibu. Mtu anayeacha kazi ya miaka mingi ana haki ya kuondoka na ujuzi wake. Jina litamfuata apende asipende. Lakini ile imani aliyopewa kwa sababu hakuwa na faida ndani yake hana haki ya kuitumia pale alipo na faida. Aiache alipoikuta, aanze upya kama mgeni mwenye begi la karatasi, naye atazamwe mikono.

Ugumu ni kwamba wenyewe hawataki kunifanya mgeni. Wananisalimia kabla ya kutazama mizani, na wengine hawaitazami kabisa. Kwa hiyo nimejiwekea kazi moja. Kabla sijamlipa mtu, namuuliza: "Imesoma ngapi?" Asiponitajia namba, simlipi. Wanaona ni mazoea ya darasani yamenikaa vibaya.

Jana yule kijana alirudi. Mizani ikasoma 6.3. Sikusema kitu.

"Sita nukta tatu," akasema mwenyewe. Akasubiri karani aandike, akainama kulisoma daftari, ndipo akanyoosha mkono kupokea pesa. Akazihesabu mara mbili mbele yangu.