Akiacha Kubana Kifua, Amemwacha Mtu?



Tuseme ambulensi inakimbia usiku, ndani kuna mzee ambaye moyo umesimama. Muuguzi anambana kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku gari likiruka mashimo. Binti wa mzee analia: "Dada, usimwache baba!" Muda unapita, hakuna mapigo. Muuguzi akisimama, je, amemuua?

Wengi tutasema: Mkristo haachi, Mungu anatenda miujiza. Sawa kabisa. Lakini Lazaro alikuwa na siku nne kaburini, na hakuna aliyekuwa anambana kifua. Mungu akitaka kumwinua mtu, hazuiwi na mikono yetu iliyopumzika.

Tarehe 24 Novemba 1957, Papa Pius XII aliwajibu madaktari wa nusukaputi swali linalofanana na hili. Alifundisha kwamba tunawajibika kutunza uhai kwa njia za kawaida, si kwa kila njia inayowezekana. Katekisimu namba 2278 inaendeleza hapo: anayeacha tiba isiyolingana na matokeo yanayotarajiwa hataki kuua, anakubali tu kwamba hawezi kukizuia kifo. Kwa hiyo tutofautishe: kuacha tiba ni jambo moja, kumwacha mtu ni jambo lingine.

Ila hapa pana mtego, jamani. Ni rahisi kusema "tiba haisaidii" wakati moyoni tunasema "huyu ni mzee tu", au "huyu ni mlevi, hana ndugu". Hiyo ni dhambi iliyovaa koti jeupe. Swali halali si mtu huyu ana thamani gani, maana hilo Mungu ameshalijibu. Swali ni kama tiba hii bado inamfaa. Ndiyo maana kuna vigezo: kuna aliyemwona akianguka? Mapigo yamerudi hata mara moja? Mashine ya kushtua moyo imeweza kutumika? Aliyeopolewa kwenye maji baridi sana, kwa mfano, hupewa muda mrefu zaidi. Vigezo hivyo humlinda maskini dhidi ya uchovu wetu na upendeleo wetu.

Na mikono ikishatoka kifuani, kazi ya upendo haijaisha. Kuna macho ya kufumba, sala ya kumwombea marehemu, na binti wa kushikwa mkono mpaka gari lifike.

Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa kifo chema, utuombee.