Mpe jembe

Kuna methali moja tunaisemaka kila mara: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku hizi, hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wazazi wengi wanaitumia kwa kugombeza vijana: «Batoto ba leo bako bavivu, banakula tu bila kutumika.» Tunauliza: methali inasema hivyo kweli?

Haisemi «mwambie alime». Inasema «mpe jembe». Mwenye nyumba anatoa kwanza, kisha mgeni anatumika. Katika kijiji, mzee alimwonyesha kijana shamba, akamfundisha kuvua ao kuwinda. Kama kijana alikataa, hapo njo aliitwa mvivu.

Sisi watu wa migodi tulipewa jembe pia. Union Minière, na nyuma yake Gécamines, ilitoa nyumba, posho, masomo na hospitali. Ndiyo maana watu walisemaka: kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Lakini kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliachishwa, ikaitwa kuondoka kwa kupenda. Watoto wao hawakukuta jembe la kurithi.

Leo kijana mwenye diploma anashuka katika shimo la wachimbaji, ao anapanga mustari asubuhi mbele ya kampuni kwa kutafuta kibarua cha siku moja. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema: mtu akiisha kutumika siku 22 ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena mbele miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Mwenye kampuni akitaka kuikwepa, anamwondoa kijana mbele ya hesabu kutimia na kuita mwingine. Huko ni kutoa jembe asubuhi na kulinyang'anya magharibi. Na sisi, kijana huyo akitaka kuoa, tunamdai mahari kama mtu wa mshahara!

Kweli, kijana anayekataa kufundishwa, lawama ni yake. Lakini kumdai mavuno mtu uliyemnyima jembe si haki, na si mila yetu.

Basi, wazazi: fundi achukue mwanafunzi, mwenye shamba lililolala akopeshe kipande, mwenye kusoma sheria aifasirie vijana. Na jamaa za binti wapokee mahari kidogo kidogo. Kisha, kijana akikaa bure, tutakuwa na haki ya kumgombeza.