Msumeno Bora kwa Kazi Gani?

Msumeno upi wa mnyororo ni bora kuliko mingine? Hilo huonekana kuwa swali la dukani tu, ilhali ndani yake mna swali la kale la falsafa: ubora wa chombo hukaa wapi? Majibu ni matatu. La kwanza husema umo ndani ya chombo chenyewe, katika chuma chake na jina la kiwanda. La pili husema umo katika kazi ambayo chombo kimeundwa kuifanya. La tatu husema umo machoni pa mnunuzi, kwa hiyo kila mtu na chaguo lake. Jibu la pili ndilo lenye nguvu, na ndilo linaloonyesha mengine mawili yamekosea wapi.

Wanafalsafa wa Ugiriki ya kale walilitetea jibu hilo kwa kutumia vyombo vya kukatia. Katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri ya Plato, Socrates anaeleza kwamba tawi la mzabibu laweza kukatwa kwa jambia au kwa visu vya aina nyingi, lakini hakuna kinacholikata vizuri kama kisu kilichoundwa kwa kupogolea. Aristotle naye aliuchukua msumeno wenyewe kuwa mfano. Msumeno upo ili ukate, na kwa kuwa lazima ukate, lazima uwe na meno na uwe wa chuma. Wa sufi au wa mti hauwezekani. Kazi hutangulia, na umbo pamoja na malighafi hufuata.

Kanuni hiyo hupunguza uzito wa mabishano juu ya chapa. Stihl ilianzishwa na Andreas Stihl mjini Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1926. Husqvarna ya Uswidi ilianza mwaka 1689 kama kiwanda cha silaha, ikaingia katika misumeno ya mnyororo mwaka 1959. Historia zao zinatofautiana sana, lakini misumeno yao ya daraja moja hukaribiana mno: MS 261 ya Stihl ina injini ya sentimita za ujazo 50.2, na 550 XP ya Husqvarna 50.1, zote zikitoa nguvu ya takriban kilowati 3. Tofauti kubwa imo ndani ya chapa moja. MS 170 ya Stihl ina sentimita za ujazo 30.1 na uzito wa takriban kilo 4, ilhali MS 661 ina 91.1 na uzito unaozidi kilo 7. Anayeuliza chapa kabla ya kutaja kazi ameanza na tofauti ndogo, akaiacha kubwa.

Kazi ikitajwa, mengi hujipanga yenyewe. Kwa matawi na kuni za nyumbani, msumeno mdogo hutosha, na mkubwa huchosha mikono bure. Kwa gogo nene, mdogo hulemewa na injini yake huchakaa mapema. Kupasua mbao kwa kufuata nyuzi za mti huhitaji mnyororo ulionolewa kwa pembe ya karibu digrii 10, tofauti na 30 hivi ya mnyororo wa kukatia gogo kwa upana. Mti nao una neno lake: msindano wa mashamba ya Sao Hill, Mufindi, Tanzania, ni laini, lakini mvule huweza kuficha vijiwe vya chokaa vinavyofisha makali ya meno.

Je, ikiwa ubora hutegemea kazi, si kila mtu ana msumeno wake bora? La. Kuchagua kazi ni juu ya mtu, lakini kazi ikishachaguliwa, msumeno ama unaifaa ama hauifai, na maoni hayabadilishi hilo. Mnyororo mkali hutoa vipande vya mti, butu hutoa vumbi, hata kama mwenye msumeno anausifu. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, Plato anasema anayejua ubora wa chombo ni mtumiaji, na muundaji hana budi kumsikiliza. Ndiyo maana ushauri wa mkataji mzoefu hushinda tangazo. Vipuri na fundi wa karibu pia ni sehemu ya ubora, kwa sababu msumeno uliokwama haufanyi kazi yoyote.

Tena, msumeno hukata kwa ajili ya mtu, hivyo usalama wa mtu huyo ni sehemu ya kazi ya msumeno. Sehemu ya juu ya ncha ya bamba linaloongoza mnyororo ikigusa mti, msumeno huweza kuruka kuelekea usoni mwa mtumiaji. Breki ya mnyororo ipo kwa ajili ya hatari hiyo. Msumeno wenye kasi lakini usio na breki ni msumeno mbaya.

Hatimaye kazi yenyewe huulizwa. Aristotle alionyesha kwamba ufundi wa kutengeneza hatamu huutumikia upandaji farasi, nao huutumikia ufundi wa vita. Vivyo hivyo msumeno huutumikia ukataji miti, na ukataji huyatumikia maisha ya watu. Msumeno hodari unaofyeka msitu wa chanzo cha maji ni chombo kizuri katika kazi mbaya, na uzuri wake hauisafishi kazi hiyo. Kwa hiyo maswali yana mpangilio: kwanza kama kazi inastahili kufanywa, kisha ni kazi ya aina gani, kisha ukubwa wa injini, bamba na mnyororo. Chapa huja mwisho.