Uongo wa Professor Jay

Kikorongo, wilayani Kasese nchini Uganda, ni njia panda. Barabara itokayo Mbarara kupitia Katunguru inagawanyika hapo, moja ikienda Kasese mjini na nyingine ikielekea Bwera hadi mpaka wa Mpondwe, na magari yanayokwenda Kongo hupita na muziki wa kila lugha: Kikonzo, Kiganda, Lingala, na bongo fleva ya Dar es Salaam ambayo watu wa pande zote mbili za mpaka wanaielewa. Wilaya hii ni ya wacha Mungu, Waanglikana, Wakatoliki, Waadventista na Waislamu, na lawama ambayo wahubiri wake huwatupia wanarapu haichagui dhehebu: watu hawa ni waongo. Wanajitapa kwa mali wasiyo nayo, wanasimulia mapenzi ambayo hayakutokea, wanasema wasiyoyatenda. Lawama hiyo si ya kubezwa, kwani ina nasaba ndefu. Sura ya 26 ya Kurani, iliyopewa jina la washairi wenyewe, inafunga kwa kuwakemea kwa kosa hilohilo, kisha inawatoa walioamini na kutenda mema. Plato naye aliwafukuza washairi katika dola aliyoibuni, akiwaona waigaji wasioyajua wanayoyaiga. Na mwanarapu ana kesi ngumu kuliko mshairi wa kawaida, maana kazi yake karibu yote imesimama juu ya “mimi”. Mwimbaji wa taarabu anaweza kuimba maneno aliyotungiwa na mtu mwingine na asiulizwe lolote, ila anayechana anadaiwa ushahidi.

La ajabu ni kwamba mashabiki wa hip hop ngumu wanashika kipimo kilekile cha mhubiri. Wao humsifu msanii kwa kuwa ameyaishi anayoyasema, na humdharau yule wa nyimbo za redioni kwa kuwa hakuyaishi. Mmoja analaani na mwingine anasifu, lakini wote wawili wanapima ukweli wa mistari kwa maisha ya mwenye mistari. Ninaona kipimo hicho kimekosea mahali pake, na sijui kazi inayolionyesha kosa hilo vizuri kuliko ile ya Joseph Haule, yaani Professor Jay.

Alianza kuvuma na kundi la Hard Blasters na wimbo wa Chemsha Bongo, kisha mwaka 2001 akatoa albamu yake ya kwanza peke yake, Machozi, Jasho na Damu, yenye wimbo wa Ndio Mzee. Ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa aliwafanya wazazi waache kuiona bongo fleva kama kelele za wahuni. Wimbo ule ni hotuba ya kampeni. Mgombea anaahidi mabomba yatakayotoa maziwa pamoja na maji, anaahidi wanafunzi kwenda kufanyia majaribio ya sayansi mwezini, na baada ya kila ahadi umati unaitikia kwa heshima maneno yaliyoupa wimbo jina lake. Tukimpima kwa kipimo cha mhubiri, Haule anasema uongo mtupu: hakuwa mgombea, hakuwa na bomba wala maziwa. Tukimpima kwa kipimo cha shabiki mgumu, anaigiza maisha ambayo hakuyaishi. Hata hivyo hakuna aliyenunua kanda ile akitarajia maziwa. Uongo ni kumfanya mtu aamini kisicho kweli, na anayevaa sauti ya mlaghai mbele ya hadhira inayojua kwamba ameivaa hajamdanganya yeyote. Zaidi ya hapo, tukisikiliza vizuri, ukweli wa wimbo haumo katika “mimi” ya mgombea. Umo katika itikio. Ahadi zinarundikana, upuuzi juu ya upuuzi, na jibu halibadiliki hata kidogo. Anayeshitakiwa pale ni anayeitika, na msikilizaji aliyekwisha kuimba kiitikio mara tatu ameshajiunga na washitakiwa.

Wanaoijua Biblia wana mfano wa karibu. Nabii Nathani alipomwendea Daudi alimsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee. Mwanakondoo yule hakuwahi kuwepo. Mfalme akakasirika, akatoa hukumu, ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Mpinzani makini atasema mfano huu unaniumiza: Daudi alidhani ni habari ya kweli, kwa hiyo nabii alimdanganya kwa muda. Ni kweli, na ndiyo sababu Nathani alilazimika kuufumbua mwenyewe kabla hajaondoka. Wajibu huo wa kufumbua unamhusu mwanarapu pia. Professor Jay aliutimiza ndani ya wimbo, kwa kuzikuza ahadi mpaka zisiaminike, kisha akatoa Siyo Mzee kama jibu. Asiyeutimiza ni nyota anayetoka studio akaendelea na “mimi” ileile kwenye mahojiano na picha, amesimama kando ya gari la kukodi huku akiapa kuwa ni lake. Hapo mhubiri wa Kasese yuko sahihi, nami nakaa upande wake. Kijana anayeuza shamba la baba yake ili afanane na picha ile amedanganywa kwelikweli.

Kuna pingamizi zito zaidi, na limetoka katika maisha ya Haule mwenyewe. Mwaka 2015 aliwania ubunge wa Mikumi, Tanzania, kwa tiketi ya chama cha CHADEMA, akashinda, akakaa bungeni hadi 2020. Aliyewacheka watoa ahadi akapanda jukwaani kutoa ahadi. Ni rahisi kusema kwamba wimbo uligeuka unafiki, au kwamba tangu mwanzo haukuwa na maana. Sikubali. Maneno ya sauti ya kuazima hayafungi mtu kama kiapo, lakini yanawapa wengine kipimo, na kipimo hicho hakimwachi aliyekitengeneza. Siku alipoomba kura za kweli, sauti iliacha kuwa ya kuazima, na kila mpigakura wa Mikumi alikuwa na haki ya kumpima kwa bomba la maziwa. Hilo haliufanyi wimbo kuwa uongo. Linaonyesha jinsi ulivyokuwa kweli, hata mtunzi wake asiweze kuukwepa. Vivyo hivyo, malalamiko kwamba kichekesho chenye mdundo mtamu kinaipunguzia nguvu hasira ya wanyonge yanasahau kwamba wimbo mkali usiosikilizwa na mtu haumpimi yeyote. Huu umesikika mbali na Mikumi, pamoja na sehemu za Uganda ambako kampeni nazo huja na ahadi zake.

Basi anayetaka kuutolea wimbo huu mahubiri, Kasese au Bwera, ahubiri juu ya dhambi ya kuitikia. Na anayetaka kumshitaki Professor Jay kwa uongo, atuonyeshe kwanza aliyedanganywa.