Je, ni Halali Kutafuta Nafuu ya Maumivu?

Mkatekumeni ajifunzaye mateso ya Bwana huweza kuuliza hivi: Yezu Kristu, kabla ya kutundikwa msalabani, alipewa divai iliyotiwa manemane ili uchungu wake upungue, naye akaikataa. Basi mkristu aumwaye, akitafuta dawa ya kutuliza maumivu, je, atenda dhambi?

Swali hilo si la kitoto. Waganga wenye kazi ya kuwalaza wagonjwa usingizi kabla ya kupasuliwa walilipeleka kwa Baba Mtakatifu Pio XII, naye akawajibu huko Roma tarehe 24 Februari 1957. Alisema kwamba mtu hawajibiwi kuyapenda maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe. Aweza kuyapokea na kuyatolea kwa Mungu. Aweza pia kutafuta nafuu, hata kwa dawa inayopunguza siku za maisha, ikiwa njia nyingine haipo, ikiwa nia ni kutuliza uchungu wala si kuua, na ikiwa mgonjwa hazuiwi kutimiza wajibu wake mwingine. Tena yafaa kukumbuka kwamba Bwana aliikataa divai ile kwa hiari yake, kwa nafsi yake mwenyewe. Hakumkatalia mtu mwingine. Vipofu, wenye ukoma na wenye homa waliomlilia, hakuwaambia wavumilie tu.

Lakini kuna swali la pili, zito kuliko la kwanza: dawa ile ile imtulizayo huyu ikimwua yule, mganga afanyeje? Swali hilo limewasumbua sana watu wa Marekani kwa miaka mingi.

Morfini na ndugu zake ni dawa za jamii ya afyuni, zitokanazo na utomvu wa mmea, au zitengenezwazo na wataalamu kwa kuiga nguvu zake. Tangu miaka ya 1990 waganga wa Marekani walizitoa kwa mikono miwili, wakisadiki maneno ya wenye kuziuza kwamba hatari yake ni ndogo. Mwaka 1 tu, wa 2012, ziliandikwa karatasi za dawa hizo zaidi ya milioni 250. Baadaye matanga yakajaa. Tangu mwaka 1999 hata 2019 walikufa karibu watu 500,000, wengine kwa dawa za hospitali, wengine kwa heroini na fentanili ziuzwazo kwa siri.

Ndipo mwaka 1 wa hofu ulipozaa shauri jipya. Mwaka 2016 ofisi ya serikali iangaliayo magonjwa iliwaambia waganga wa kawaida wafikiri sana kabla ya kumpa mwenye maumivu ya muda mrefu miligramu 50 za morfini kwa siku, au dawa nyingine yenye nguvu sawa nayo, na kwamba wasifike 90 pasipo sababu thabiti. Lilikuwa shauri, si sheria. Lakini shauri la mkubwa, likipita mikononi mwa watu wenye hofu, hugeuka amri. Majimbo, mashirika yalipayo gharama za wagonjwa, na wenye maduka ya dawa, wengi walilishika kama kipimo cha chuma.

Uchukuliwe mfano wa seremala mzee aliyeanguka kutoka darini na kuvunjika mgongo. Alipasuliwa mara 2, wala hakupona sawasawa. Kwa miaka 10 alimeza miligramu 120 kila siku. Maumivu hayakwisha, lakini aliweza kuketi mezani pamoja na watoto, kwenda Misa, na kukarabati viti vya jirani. Siku moja mganga wake akamwambia: “Mzee, tangu mwezi ujao nitakupa nusu.” Seremala akauliza amekosa nini. Akajibiwa hakukosa neno; kipimo kimewekwa. Mwezi uliofuata alitoka jasho, alitetemeka, tumbo liliharisha, usingizi ukamkimbia, na mgongo ukaamka kama siku ya kuanguka. Alipokwenda kwa mganga wa pili aliulizwa kwanza, kabla ya ugonjwa wake, kama yeye ni mtumwa wa dawa.

Hapo ndipo jambo linapoumiza. Mwili wa kila mtu anywaye dawa hii kwa muda mrefu huizoea, ukatetemeka ikiondolewa ghafula. Hilo ni tabia ya mwili, si dhambi ya roho. Mtumwa wa dawa ni mwingine: huyo huitafuta hata ikimharibia nyumba, kazi na jamaa, wala hawezi kujizuia. Naye pia ni mgonjwa wa kuhurumiwa. Mtu akitaka kubadili nguzo ya nyumba iliyoliwa na mchwa, haing’oi kwa nguvu watu wakiwa wamelala ndani. Hutegemeza kwanza nguzo nyingine, kisha huilegeza ile ya zamani polepole.

Marafiki wa Ayubu walimwona ameketi majivuni, mwili wote vidonda, wakafanya vema siku 7 waliponyamaza pamoja naye. Walikosea walipofungua vinywa na kumtafutia kosa. Amri ya nane haikatazi uwongo tu, yakataza pia kumhukumu jirani moyoni pasipo ushahidi. Uchungu hauonekani kama jeraha. Hakuna mizani ya kuupimia. Asiyetaka kumsadiki aumwaye hana njia nyingine ya kuujua.

Hata hivyo isisemwe kwamba mganga yule ni mkatili. Amri ya tano imemkalia mbele ya macho. Pengine amemzika kijana aliyekunywa vidonge alivyovikuta kabatini kwa bibi yake. Pengine aogopa kunyang’anywa ruhusa ya kazi, na hofu hiyo ni ya kibinadamu. Tena ana hoja ya elimu: mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa huko Minneapolis kwa wagonjwa 240 wenye maumivu ya mgongo, nyonga au magoti. Nusu walipewa dawa za jamii ya afyuni, nusu walipewa dawa nyingine. Baada ya miezi 12 wale wa kwanza hawakuwa na nafuu kuwapita wenzao. Kwa hiyo kutafuta nafuu iliyo bora si lazima kuwe kutafuta kidonge zaidi. Huenda seremala angesaidiwa na dawa ya mishipa, na mazoezi ya mwili chini ya mwalimu, na kupunguziwa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Naye ana wajibu wake: kusema kweli, kufungia dawa mahali salama, kutozunguka kwa waganga 3 kwa siri, kukubali kujaribu njia nyingine. Lakini uchunguzi wa watu 240 huonyesha yawafaayo wengi. Haumwonyeshi mganga mtu huyu mmoja aliyeketi mbele yake na mgongo wake.

Tena uzio ulijengwa upande mmoja, chui akapita upande mwingine. Karatasi za dawa zilipungua sana, lakini vifo vilizidi: katika mwaka 2021 pekee walikufa zaidi ya 80,000, wengi wao kwa fentanili ya magendo, isiyotoka kwa mganga yeyote. Mwaka 2019 wakubwa wa serikali walionya kwamba kumkatia mgonjwa dawa ghafula kwaweza kumletea hatari, hata kutaka kujiua. Na mwaka 2022 ofisi ile ile iliandika shauri lake upya, ikisema vile vipimo visishikwe kama sheria. Waliokwisha kupoteza mganga wao hawakumrudia wote kwa sababu ya karatasi hiyo.

Msomaji wa kijijini aweza kucheka kwa uchungu: watu wale wateta juu ya miligramu 90, na huku kwetu mwenye kansa hupewa vidonge vya kichwa! Hakosei. Mwaka 2017 wataalamu walihesabu kwamba katika tani 298 na nusu za dawa hizi zilizogawiwa ulimwenguni kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata kilo 100 tu. Hofu ya dawa yafika hata pale ambapo dawa yenyewe haijafika.

Katika nchi jirani ya Uganda, mwaka 1993, mganga Anne Merriman alianzisha nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotazamiwa kupona, na morfini ya unga ikachanganywa na maji, bei yake ikawa ndogo. Tangu mwaka 2004 sheria ya huko imewaruhusu hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika. Muuguzi huenda mpaka nyumbani kwa mgonjwa, huketi kando ya mkeka, na kwanza humwuliza amelalaje usiku. Ndipo hupima dawa, huiandika katika kitabu, hueleza jamaa saa za kuinywesha, na kusema siku atakayorudi.