Kabidhi Begi Kabla Hujaanguka

Septemba 2019, timu 66 kutoka nchi 30 zilikusanyika Fiji, zikapanda ngalawa za kienyeji ziitwazo camakau na kuanza safari ya kilomita 671. Kila timu ilikuwa na watu wanne, wanaume kwa wanawake. Walikuwa na siku 11 za kukatiza misitu, kuendesha baiskeli milimani, kupiga kafi baharini na mitoni, kuogelea kwenye makorongo na kupanda maporomoko ya maji kwa kamba. Njia walijitafutia wenyewe kwa ramani na dira, bila simu. Hayo ndiyo mashindano ya Eco-Challenge, na kuna sheria moja inayoyafanya kuwa mchezo wa aina yake: wanne walioanza ndio wanaotakiwa kumaliza. Akijitoa mmoja, timu imetoka.

Hebu itafakari sheria hiyo. Mwenye mapafu ya chuma akifika kileleni nusu saa kabla ya wenzake, hajapata kitu. Atakaa pale jasho likimkaukia mwilini, akisubiri. Saa inasimama mguu wa mtu wa nne unapovuka mstari, si wa kwanza. Kasi ya timu ni kasi ya aliye nyuma, basi. Na aliye nyuma hubadilika! Asubuhi unaburuzwa wewe. Usiku wa manane ni yule yule aliyekuburuza asubuhi, anapepesuka kwa usingizi na hajui tena kaskazini ni wapi.

Kwa hiyo wewe unayeunda timu mwaka huu, iwe ya mashindano makubwa kama haya au ya kilomita 60 za milima ya kwenu, sina la kukwambia zaidi ya hili: jifunze kukabidhi begi. Likabidhi mapema, ukiwa bado unaweza kulibeba.

Najua linavyouma. Tumelelewa kujikaza. Mtoto akianguka anaambiwa anyanyuke ajipanguse, na mkubwa anayesema amechoka anaonekana mlegevu. Kujikaza kumetufikisha mbali, silipingi hilo. Lakini katika mashindano ya siku tano, sita, kumi, anayejikaza kimya kimya ndiye anayeizamisha timu, kwa sababu anaficha kitu ambacho si chake peke yake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lengelenge ulilolinyamazia saa nne asubuhi lingetibiwa kwa dakika tano na kipande cha plasta. Ukilitaja saa nne usiku, soksi imeshagandana na ngozi, unachechemea, na wenzako watatu wanachechemea nawe.

Tazama timu zenye uzoefu zinavyokwenda. Utaona kamba nyembamba ya kuvutika, kama mpira, imefungwa kiunoni kwa aliye mbele na kunaswa kwenye begi la aliye nyuma. Kwenye baiskeli, kamba hiyo hufungwa chini ya kiti. Haimbebi mtu. Inampunguzia kidogo tu, kiasi cha kumwezesha kupandisha mlima mapigo ya moyo yakiwa yameshuka, ale akiwa anatembea, apate pumzi ya kusoma ramani. Wenye kujua huifunga kamba mwanzoni mwa mlima, hawangoji mtu azimie katikati. Na anayevutwa haombi radhi. Anaminya biskuti mdomoni, anakaza mwendo, kamba inabaki imenyooka.

Mwezi mmoja baada ya Fiji, tarehe 12 Oktoba 2019, dunia ilimwona Eliud Kipchoge akimaliza kilomita 42.195 mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wakimbiaji 41 walipokezana kumwongoza na kumkinga upepo. Kumbuka walianza naye tangu hatua ya kwanza, mwili wake ukiwa mbichi. Mkimbiaji hodari kuliko wote wa marathoni alikubali kusaidiwa kabla hajachoka. Wewe na mimi tunaona haya ya nini?

Lakini anayenigusa kuliko hata washindi ni Mark Macy, mwanasheria wa Colorado nchini Marekani, mkongwe wa mashindano haya tangu miaka ya 1990. Mwaka 2018 madaktari walimwambia ana ugonjwa wa Alzheimer, ule unaopokonya kumbukumbu na uwezo wa kupanga mambo. Mwaka uliofuata alikuwa Fiji, pamoja na mwanawe Travis, katika timu iliyoitwa Endure. Fikiria alichokuwa anakabidhi mzee huyu. Mzigo wa mgongoni ulikuwa mdogo kando ya ule: alikuwa anamkabidhi mwanawe akili yake, kumbukumbu ya njia, hesabu ya vifaa, uamuzi. Mtu aliyezoea kuongoza, mbele ya kamera za dunia, aliukubali mkono wa kijana aliyemlea. Timu ile haikufika mwisho wa njia. Mimi naihesabu miongoni mwa timu zilizoshindana hasa, na sitabishana na yeyote kuhusu hilo.

Washindi walikuwa New Zealand, chini ya nahodha Nathan Fa'avae, waliomaliza kwa muda usiotimia siku sita. Watu husifu mapafu yao. Miguu yenye nguvu ilikuwa tele Fiji, hata katika timu zilizoishia njiani. Nguvu isiyogawanywa huishia kuwa mali ya mtu mmoja.

Basi anzeni sasa. Msisubiri mpate baiskeli za bei kubwa. Kubalianeni maneno machache ambayo kila mmoja atayasema bila kuulizwa: nina njaa, nasikia baridi, mguu unachubuka, sioni ramani vizuri. Mkubaliane pia kwamba atakayeyasema anajibiwa kwa kitendo, hajibiwi kwa mguno wala kwa "vumilia kidogo". Baridi hasa msiidharau. Fiji ni visiwa vya tropiki, na bado watu walitetemeka meno yakigongana ndani ya maji ya makorongo ya milimani. Aliyeanza kutetemeka hana muda wa kuvumilia. Mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu, mkumbatieni, mlisheni.

Na wewe mwenye nguvu, usingoje kuombwa. Nyoosha mkono, sema "lete hilo begi", ulichukue huku mnatembea. Kesho kutwa mkono ule ule utanyooshwa kwako, na siku hiyo usibishe.

Jumamosi hii tokeni wanne, na mizigo kamili, alfajiri kabla jua halijawaka. Tafuteni mlima mrefu kuliko yote mnayoweza kuifikia kwa daladala. Mwenye mwendo wa taratibu atangulie na kupanga kasi. Fungeni kamba mkiwa chini kabisa, wote wakiwa bado wanacheka, kisha mpande. Mkifika nusu badilishaneni: aliyevuta avutwe, aliyebeba abebewe. Rudieni Jumamosi inayofuata, na nyingine, mpaka neno "nisaidie" litoke mdomoni mwenu kwa wepesi ule ule wa "twende".